Bunduki Niliyoipima kwa Futi ya Cherehani

Mwaka ule pamba ilitukubali. Mvua zilikuja kwa wakati wake, wadudu wakapita njia nyingine, na mume wangu akarudi kutoka kwenye chama cha ushirika akipiga mluzi. Hakuwa mtu wa mluzi. Nikaacha cherehani, nikamtazama.

"Mama watoto," akasema, "nanunua bunduki mpya."

Tulikuwa tunaishi Masumbwe, miaka ya sitini ikielekea mwisho. Yeye alikuwa Msumbwa wa pale pale, mkulima na mwindaji wa ndege. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa karibu na mji wa Shinyanga, na kazi yangu ilikuwa ushonaji. Bunduki aliyokuwa nayo aliirithi kwa baba yake, ya mtutu mmoja, ya marisau, vile vipunje vya risasi vya kupigia ndege. Kwa bunduki hiyo tulikula kanga na kware miaka mingi. Lakini msimu uliotangulia, dume la ng'ombe la kukokota plau lilimsukuma kwenye nguzo ya zizi, bega lake la kulia likavunjika. Mfupa uliunga, ila haukusahau. Kila alipofyatua ile bunduki ya mzee, ilimpiga teke mahali pale pale, akarudi nyumbani uso umekunjamana, kanga mkononi, na jioni nzima hawezi kuinua kikombe kwa mkono huo.

"Nimesikia zipo bunduki zinazojipakia zenyewe," akaniambia. "Unafyatua, ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia bila wewe kugusa kitu. Na wanasema teke lake ni dogo."

"Wanasema nani?"

"Watu."

Basi tukaenda kuwauliza watu wanaozijua. Kibali cha polisi alikipata bila shida, kwa kuwa alijulikana tangu zamani. Tukapanda basi hadi Kahama, tukalala Nyasubi, mtaa wa hapo hapo, kwa binamu yake, kesho yake tukaingia Shinyanga, tukafikia kwa dada yangu.

Duka la bunduki lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, mtu mwembamba mwenye miwani minene na sauti ya upole. Mbele aliuza misumari, kufuli na taa za chemli. Nyuma, ndani ya chumba chenye mlango wa chuma, ndiko zilikokuwa bunduki. Tukamwamkia. Akaitikia "marahaba" ndefu, akatupa viti, akaagiza chai. Halafu akauliza swali ambalo mume wangu hakulitegemea.

"Unapiga nini?"

"Kanga. Kware. Bata wakija bwawani."

"Wanaoruka au waliotua?"

Mume wangu akakohoa. "Waliotua ni rahisi zaidi, mzee."

"Mimi sijawahi kumpiga ndege hata mmoja," mzee akasema. "Wala sili nyama. Dini yangu, na moyo wangu pia. Mimi napiga visahani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mume wangu naye akanigeukia. Mzee akacheka, akaeleza kwamba kila Jumapili asubuhi yeye na wenzake walikuwa na kiwanja nje ya mji, nyuma ya kinu cha pamba. Pale palikuwa na mtambo wa springi unaorusha visahani hewani, navyo hupigwa vikiwa vinaruka.

"Na vikishapigwa?" mume wangu akauliza.

"Vinavunjika."

"Halafu?"

"Halafu tunarusha vingine."

Nilimjua mume wangu. Alikuwa anajizuia asiseme kwamba mtu anayepoteza risasi kwa kitu kisicholiwa ana kasoro mahali. Akanywa chai.

Mzee akaleta bunduki tatu, akazilaza juu ya blanketi. Ya kwanza ilikuwa ya mitutu miwili, mbao zake zinang'aa kama asali, ubavuni imechorwa ndege na majani kwa nakshi ya fedha. Mume wangu akaishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa na mgongo ulioinuka kama wa ng'ombe mwenye nundu. Hiyo ilikuwa ya kujipakia, na mzee akatuonyesha jinsi mtutu mzima unavyorudi nyuma na kwenda mbele kila inapofyatuliwa. Ya tatu ilikuwa nyembamba, nyeusi, haina pambo lolote.

"Hii nayo inajipakia," akasema mzee, "ila kwa moshi wa risasi yenyewe. Kuna tundu dogo kwenye mtutu. Moshi kidogo unapita hapo, unasukuma kipande hiki, kazi inafanyika. Na kwa kuwa sehemu ya nguvu imetumika humo, teke linalofika begani ni kama mtu anayekugusa kukuita."

"Basi ni hiyo," nikasema.

"Ngoja mama. Ina tabia yake. Moshi ni masizi. Usipoisafisha kila unapoitumia, inakwama. Hii yenye nundu inasukuma zaidi, lakini ina subira. Hata ukiisahau wiki nzima itafanya kazi. Na hii ya mitutu miwili haitaki chochote, ila haina huruma kwa bega."

Mume wangu macho yake hayajaondoka kwenye nakshi. Akainua ile ya mitutu miwili, akaiweka begani, akalenga tundu la ufunguo. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho wao wawili hawakukiona. Kitako kilikuwa kirefu mno kwake. Shingo yake ilinyooka mbele kama ya kobe, na kiwiko kimening'inia vibaya. Ningekuwa nimemshonea koti la namna hiyo, ningelifumua siku hiyo hiyo.

Nikatoa futi yangu mkobani. Sikuwa nikitoka nyumbani bila futi. Nikapima mkono wake kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, kisha nikapima bunduki kutoka mwisho wa kitako hadi kwenye kifyatulio, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa ndefu.

"Mzee, bunduki zako zimeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine," nikasema.

Alishangilia kama mtoto. Alipiga makofi, akamwita mkewe kutoka ndani aje aone. "Miaka yote hii nawaambia wateja: bunduki ni nguo! Hakuna anayenisikia. Wanatazama picha za ndege." Mkewe, mama mnene mwenye uso wa furaha, akaichukua futi akaanza kumpima mumewe mkono, akisema labda ndiyo sababu alikosa visahani viwili Jumapili iliyopita.

"Sikuuzii leo," mzee akamwambia mume wangu. "Kitako fundi wangu atakikata. Lakini kwanza njoo Jumapili ujaribu zote. Mtu hanunui bunduki kwa kuipiga hewa ya dukani."

Jumapili tukaenda, na dada yangu akatufuata, maana alisema hawezi kukosa kitu kama hicho. Kiwanja kilikuwa kipana, nyasi zimefyekwa, upande wa mbele ni mbuga tupu isiyo na mtu wala ng'ombe. Walikuwepo wafanyabiashara wa mjini, Wahindi na Waarabu, na mafundi wachache wa kinu. Mpigaji alisimama mahali pake, akapaza sauti "Vuta!" na kisahani cheusi kikachomoka kama mbayuwayu aliyefukuzwa.

Mzee alianza yeye. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Vuta!" Kisahani kikawa vumbi. "Vuta!" Vumbi. Hakukosa hata kimoja, na kila mara alionekana kama mtu anayewaza jambo lingine.

Mume wangu akachukua ile ya nakshi. Akafumba jicho moja, akalenga kwa utulivu wote aliojaliwa. Kisahani kilikwisha tua majanini ndipo akafyatua. Akashika bega, uso ukasinyaa. Akajaribu tena, akakosa tena. Akachukua yenye nundu, akakosa, ila safari hii hakushika bega. Akachukua nyeusi, akafyatua, akakosa, akasimama akiitazama kwa mshangao.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Haikunipiga."

"Na wewe hukukipiga kisahani," dada yangu akasema, na watu wakaangua kicheko, mume wangu mwenyewe akiwemo.

Mzee akamsogelea. "Bwana, una ng'ombe?"

"Ninao."

"Ndama akitoroka zizini, unakimbilia pale alipo au anakokwenda?"

"Anakokwenda. Ukikimbilia alipo hutamkuta."

"Fungua macho yote mawili. Mfuate, mpite, fyatua, na mkono usisimame."

Mume wangu akarudi mahali pake. Nilimwona akivuta pumzi, na midomo yake ikitembea kama anayemwita ndama. "Vuta!" Mtutu ukakifuata kisahani, ukakipita, ikalia. Kisahani kilipasuka vipande viwili. Si vumbi kama vya mzee, vipande viwili tu, lakini mume wangu aliruka juu kama kijana kwenye ngoma ya mavuno. Alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yetu. "Umeona? Umekiona kilivyokufa?"

Kisha mke wa mzee akanisukuma mgongoni. "Na wewe mama, twende. Mimi nilianza nikiwa na wajukuu."

Nikakataa, lakini kukataa kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu. Nikaweka kitako cha ile nyeusi begani kama nilivyowaona wengine. Mzee akasimama nyuma yangu akanirekebisha miguu. Cha kwanza sikukiona kilipopita. Cha pili nilikiona, nikachelewa. Cha tatu sikukiwazia kabisa. Mikono yangu ilikwenda nacho kama inavyokwenda na kitambaa chini ya sindano, ukiwa umekwisha uzoea mshono. Kisahani kikatoweka. Pakabaki wingu dogo jeusi, nalo likapeperuka. Dada yangu akapiga vigelegele hadi mbuga ikaitikia.

Jioni, kwenye ua wa dada, mimi na mume wangu tukakaa kuamua. Moyo wake bado ulikuwa kwenye nakshi. Kichwa chake kilikuwa kwenye ile yenye nundu, kwa sababu alijijua.

"Nyeusi ni nzuri," akasema, "lakini umesikia, inataka kusafishwa kila mara. Mimi nitaisafisha mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu nitakuwa nimechoka."

Alisema kweli. Jembe lake lilikuwa likilala na udongo wa juzi.

"Cherehani yangu imewahi kukwama?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Hapana."

"Nani huitia mafuta?"

Akanitazama, kisha akaanza kutabasamu taratibu. "Basi tutakuwa tumeinunua wawili."

"Na bega tutakuwa nalo wawili vilevile. Ukiumia wewe, ni mimi ninayepasua kuni na kushika plau."

Kesho yake tukaichukua nyeusi. Fundi wa mzee alikata kitako kwa kipimo cha futi yangu, na kwa kuwa mikono yetu ililingana (mashati yake nilikuwa nikiyavaa shambani bila kukunja mikono), ikawa imenienea na mimi. Mzee alitufundisha kuifungua, kuifuta masizi kwa kitambaa chenye mafuta na kuirudisha. Nikarudia mbele yake mpaka akaridhika. Kwenye kuagana akasema, "Nitakuja Masumbwe kuitembelea." Tulidhani ni maneno ya mfanyabiashara.

Huku nyumbani tatizo likawa mimi. Mume wangu alikuwa na kanga wake. Mimi nilikuwa nimekiona kile kiwingu cheusi, nikakitaka tena. Visahani vya mjini havikupatikana Masumbwe. Nikamwendea shangazi wa mume wangu, mfinyanzi wa vyungu asiye na mfano katika vijiji vile, nikamweleza.

"Unataka visahani ili uvivunje," akasema polepole, kuhakikisha kama amenielewa.

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi nimeishi miaka yote hii nikiwagombeza watu wanaovunja vyungu vyangu." Akacheka hadi kanga ikamvuka bega. "Leta maji."

Vya kwanza alivichoma kama vyungu. Vilikuwa imara mno. Mrushaji alikuwa jirani yetu, mwanamke mrefu aliyezoea kulinda mtama wake dhidi ya ndege kwa kutupa madonge ya udongo yaliyobandikwa kwenye ncha ya fimbo nyororo. Alipasua ncha ya fimbo hiyo, akabana kisahani humo, akakizungusha, kikaruka mbali kuliko hata cha mtambo wa mjini. Nikafyatua. Tulisikia "tiii!" kama kengele ya shule, kisahani kikaendelea na safari yake, kikatua kizima. Tulipokiokota kilikuwa na alama za marisau kama ndui.

"Haya," shangazi akasema, amekunja uso kwa heshima ya kazi yake. "Kumbe kinachotakiwa ni kibaya."

Ilikuwa vigumu kwake kutengeneza kitu kibaya kwa makusudi. Alichanganya udongo na majivu mengi, akavifanya vyembamba kama chapati, akavianika kivulini bila kuvichoma. Hivyo vikawa vyenyewe. Vilipopigwa vilitoa vumbi jekundu, na watu wakaanza kuja Jumapili baada ya misa, wakasimama nyuma ya kamba niliyoifunga mwenyewe, maana mzee alitufundisha kwamba mbele ya bunduki hapana rafiki. Mume wangu alipiga, mimi nikapiga. Alinishinda mara nyingi, nikamshinda mara chache, na hizo chache ndizo zilizosimuliwa sokoni.

Mzee alikuja kweli. Siku moja ya kiangazi tuliona gari lake likiingia uani na vumbi lake, naye akashuka na mkewe, na bunduki yake ya mitutu miwili ndani ya mfuko wa ngozi. Kabla hata ya kunywa maji alitaka kuona visahani. Akakichukua kimoja, akakinusa, akakigonga kwa ukucha.

"Udongo!" akasema. "Vyetu vya mjini vinaitwa vya udongo, lakini ni lami na chokaa. Hivi ndivyo vya udongo hasa."

Tukaenda uwanjani. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia habari za mzee asiyekosa. Akafuta miwani. "Vuta!" Jirani yetu akazungusha fimbo. Kisahani kikapaa kikiyumba, kikapinda kushoto kama ndege mwenye akili, mzee akafyatua, kikatua majanini salama. "Vuta!" Hicho kilipanda juu, kikasita, kikaanguka kama jiwe. Akakosa. Akakosa tena na tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikaza macho kama anayewaza jambo lililo mbele yake.

Shangazi, aliyekaa kwenye kigoda chake, akamwambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Baba, bunduki yako haijui Kisumbwa."

Mume wangu hakupata cha kumtafsiria ila kicheko, maana mzee maneno alikwisha yaelewa. Mzee akaketi chini kwenye nyasi, na suruali yake nyeupe, akacheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Mkewe akachukua bunduki, akapiga kimoja kikawa vumbi, akamrudishia. Hapo hata watoto wa shule walilala chini kwa kucheka. Mpaka jua linateremka mzee alikuwa amevielewa visahani vyetu, na kila kilichovunjika alimpigia makofi jirani yetu, si yeye mwenyewe.

Walilala kwetu. Alfajiri mume wangu akaniamsha twende shambani kwenye karanga, kanga walikuwa wakifukua masalia ya mavuno huko. Mzee akasema atakuja, atasimama nyuma. Tulitembea kwenye umande, hatusemi. Kundi likashtuka miguuni petu na kelele zake zote, mabawa kila mahali. Zamani mume wangu angesubiri watue. Safari hii bunduki ilikwenda nao, ikalia, ikalia tena kabla ganda la kwanza halijagusa ardhi, na kanga wawili wakaanguka, mmoja baada ya mwenzake.

Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa amefumba macho. Akayafungua, akawatazama ndege pale chini, uso wake una huzuni ya kweli. Halafu hakuweza kujizuia.

"Pigo la pili," akamwambia mume wangu kwa sauti ya chini, "la pili lilikuwa zuri sana."

"Wabeja, mzee," mume wangu akajibu, akatumia neno la Kisukuma la shukrani.

Tuliporudi, shangazi alikuwa jikoni kwangu tangu mapema. Alikuwa ameleta chungu kipya ambacho hakijawahi kuonja nyama, amekifinyanga kwa ajili ya wageni wale tu, na ndani yake michembe ilikuwa inatokota katika tui la karanga. Kanga tukawatenga kwenye banda la nje, wakapikwa huko. Mzee na mkewe wakakaa nasi mkekani. Alionja kijiko kimoja, akauliza michembe inatengenezwaje. Shangazi akamweleza kwa Kisumbwa jinsi viazi vitamu vinavyomenywa, vinavyokatwa na kuanikwa juani, na mume wangu akawa anafuata nyuma kwa Kiswahili, mdomo umejaa.

Mke wa mzee akajaza bakuli la pili bila kukaribishwa, akamsogezea mumewe. Jua lilikuwa limepanda vizuri. Nilitandika gunia kizingitini, nikaifungua ile bunduki nyeusi vipande vipande, nikaanza kufuta masizi, huku mazungumzo yao yakinijia kutoka ndani na shangazi akiwaahidi chungu hicho waende nacho.